Gauni la Bendera

Nianze kwa kuomba radhi. Mwandiko wangu umelala upande kama mahindi baada ya mvua, na herufi mbili, l na r, hazijapatana mkononi mwangu tangu utoto. Hapa Kampala wengi wetu tunazibadilishana bila kujua. Niliishia darasa la saba. Naandika polepole, kwa kalamu, juu ya meza ile ile ninayokatia nguo, na nikisikia mteja anakuja nafunika daftari kwa kitambaa. Mkikuta kosa, lisameheni mwendelee kusoma.

Kiswahili cha kuandika nilikipata kwenye barua. Baba alikuwa askari kutoka kaskazini, Mkatoliki. Mama ni Mnubi, Mwislamu, ambaye babu zake waliletwa huku kutoka Sudani na jeshi la wakoloni. Kila mmoja alikuwa na lugha ya kwao ambayo mwenzake hakuijua vizuri, basi katika nyumba za askari kule Mbuya walikutana kwenye Kiswahili. Baba alipopelekwa kazini nje ya nchi, mahali ambapo simu ilishika leo na kukataa wiki nzima, alituma barua kwa mkono wa wenzake waliokuja likizo. Mama hajui kuandika. Alisema yeye, nikaandika mimi. Kila barua yetu ilianza kwa kuomba radhi ya mwandiko, na kila barua yake iliisha kwa kutuomba tumjibu. Alipofariki ilitubidi kuiacha nyumba ya jeshi, tukahamia Kyebando.

Kyebando watu wanasema Kiganda. Kiswahili wanakijua, lakini wanakijua kama mtu anavyomjua mbwa wa jirani, kwa kukumbuka alikouma. Wazee wakikisikia wanakumbuka miaka ya vita, wanajeshi walipozingira mtaa na kusema maneno mawili tu: panda gari. Waliopanda, wengine hawakurudi. Hata mtu asiyejua neno jingine lolote la Kiswahili anayajua hayo mawili. Kwa hiyo nilijifunza kunyamaza barabarani. Tayari nilikuwa mtoto wa haya. Sasa haya yangu ilipata sababu.

Kazi ya kushona nilifundishwa na Hajati, jirani yetu, mwenye vyerehani vitatu katika chumba kimoja kinachotazama barabara. Hana maneno mengi ya kufundisha. Ana sheria moja, na ukiivunja anakutazama juu ya miwani mpaka ujute: vitambaa vyote vya nguo moja vilale mezani pamoja kabla mkasi haujaguswa. "Kitambaa ambacho hujakiona," husema, "hicho bado ni cha mwenye duka."

Hatua kumi kutoka mlangoni petu alikaa rafiki yangu, akikaanga mihogo. Alikuwa msichana wa Kawempe, mkubwa kwangu kwa miaka miwili, mwenye sauti iliyovuka barabara bila kutazama magari. Alikuja kwanza kuazima sindano. Siku ya pili alikuja na mihogo kwenye karatasi, akakaa kizingitini, akaongea. Mimi nilikanyaga cherehani, yeye akaongea. Nilipomwomba radhi kwamba sina la kusema, alicheka.

"Wewe nyamaza tu, mukwano," alisema, na mukwano kwa Kiganda ni rafiki mpenzi. "Wote wawili tukiongea, nani atasikiliza?"

Siku za mechi ya timu ya taifa, yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Mtaa wetu una kundi la mashabiki: waendesha bodaboda, kinamama wa sokoni, fundi wa redio mwenye ngoma. Yeye alitupa mstari, wao wakaudaka. Bila yeye walikuwa watu tu waliosimama karibu karibu. Mimi nilisimama nyuma yake na kupiga makofi, na niliona kama mikono yangu nayo ina sauti.

Kisha yakaja mashindano. Nchi tatu jirani, yetu ikiwamo, zilikubaliana kuyaandaa pamoja, na mji wetu ukapewa baadhi ya mechi. Nilikuwa nikifikiri mpira ni watu kumi na mmoja na wengine kumi na mmoja. Mwaka ule niliona kwamba kabla mpira haujaguswa, watu wengi sana ambao hawachezi wameshacheza. Barabara ya kwenda uwanjani iliwekwa lami mpaka langoni, ikaishia hapo kama mtu aliyekatizwa maneno. Ukuta ulipakwa rangi upande unaoonekana na magari, upande wa pili ukaachwa na ukungu wake. Picha za viongozi zilining'inia kwenye nguzo, kubwa kuliko za wachezaji. Na wauzaji wa pembeni mwa barabara wakaambiwa wageni hawapaswi kuwaona.

Askari wa jiji walifika Kyebando asubuhi moja, wakatupa karai la rafiki yangu kwenye lori, na sigiri yake, makaa yakiwa bado mekundu. Alilifukuza lori lile mpaka kwenye kona, akarudi amebeba kijiko cha kugeuzia mihogo tu.

"Wageni wanakuja kula nini?" aliuliza. "Lami?"

Watu walicheka. Yeye pia alicheka, kisha akaingia dukani kwetu, akakaa nyuma ya vyerehani na kulia bila kelele. Baada ya wiki alipata karai jingine, akahamia kwenye kichochoro nyuma ya nyumba, ambako wateja wanafika kwa kufuata harufu.

"Wamekunyang'anya karai," Hajati alimwambia, "na bado unataka kwenda kuwaimbia?"

"Hajati, timu haikuchukua karai langu. Wachezaji wale ninawajua wote kwa sura. Hakuna hata mmoja aliyeshuka kwenye lile lori."

Mashindano yalileta jambo moja ambalo sikulitarajia. Lugha yangu ilipata heshima. Redio zilikuwa zikitangaza kwa Kiswahili, nyimbo za mashindano zilikuwa na Kiswahili ndani, na wageni kutoka Kenya na Tanzania walitembea mitaani wakiuliza njia. Siku moja Watanzania watatu, wamevaa jezi zao za bluu, walipotelea kwenye kichochoro chetu wakitafuta chakula. Rafiki yangu alijaribu kuzungumza nao kwa mikono. Aliposhindwa alikuja kunivuta kwa nguvu, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni mwangu.

"Huyu hapa profesa wangu! Waulize kama wanataka pilipili."

Niliuliza. Sauti yangu ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Dada, umejifunzia wapi?" mmoja alisema. "Unaongea kama kamanda anayeona aibu."

Walicheka, nami nikacheka. Niliongea nao mpaka mihogo ikaisha, na majirani walisimama kusikiliza bila kukunja uso. Walipoondoka rafiki yangu alinipiga begani.

"Kumbe lugha yako ina mpira ndani! Miaka yote nilifikiri ina bunduki tu."

Jioni ile ile aliniagiza gauni.

"Nishonee bendera. Si ya kupeperusha, ya kuvaa. Mechi ijayo nataka hata marubani wanione."

Bendera yetu ina mistari sita: nyeusi, njano, nyekundu, kisha nyeusi, njano, nyekundu tena. Yote ni sawa kwa upana. Nilichora gauni kwenye daftari hili hili: mistari mitatu kifuani na mitatu kwenye sketi, mikono mifupi ili aweze kuinua juu anapoimba. Hakuna nguo niliyowahi kuitaka hivyo, na haikuwa hata yangu.

Sasa lazima niseme kuhusu rangi, kwa sababu msomaji wa mbali hatajua. Uchaguzi ulikuwa unakaribia. Chama kinachotawala kina njano, cha upinzani kina nyekundu, na katika miezi ile mtu alifungua sanduku la nguo akafikiri kwanza. Kofia nyekundu ilikuwa inaweza kukupeleka mahali ambapo hukupanga kwenda. Watu wa bodaboda walibadilisha hata rangi za makoti yao ya mvua.

Nilikwenda mjini kwenye maduka ya vitambaa. Nyeusi niliipata mara moja. Nyekundu mwenye duka aliitoa chini ya kaunta, imefungwa kwenye gazeti, nzito, nzuri, isiyochujuka, na alinipa zaidi ya niliyoomba. Alifurahi kuiona inaondoka.

"Na njano?"

"Njano, dada? Njano yote ya mji huu imekwenda kwenye fulana za kampeni. Njoo Alhamisi, labda."

Labda ile niliibeba nyumbani kama kitambaa. Hajati alikuwa Bombo kwenye msiba wa ndugu yake. Nililaza nyeusi mezani, nikalaza nyekundu, na mahali pa njano nikaacha nafasi. Kisha nikashika mkasi. Nilikata nyekundu kwa upana mzuri, shibiri nzima na zaidi, kwa sababu kitambaa kilikuwa kingi na kilikuwa kinakatika vizuri. Nilikata na nyeusi. Nilikuwa nikiimba.

Alhamisi mwenye duka alinipa kipande cha bitana, chepesi, cha njano iliyofifia, kisichotosha hata mto wa mtoto. Nilikizungusha mezani kila upande. Kama ningekuwa nimesubiri, ningekata mistari yote sita myembamba, sawa kwa sawa, na sketi ningeimalizia kwa nyeusi. Lakini nyekundu ilikuwa imeshakatwa, na kitambaa kilichokatwa hakirudi. Kwa hiyo njano niliigawa kuwa mikanda miwili ya upana wa kidole, nikaishona katikati ya ile mipana kama mstari uliopigwa kwenye daftari. Masalio ya nyekundu niliona uchungu kuyatupa. Nikamshonea rafiki yangu kilemba.

Alipolijaribu, alijitazama kwenye kioo cha dukani muda mrefu.

"Mbona njano imekonda hivi?"

"Imekosekana mjini."

"Njano? Imekosekana Uganda? Mwaka huu?" Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafuta macho, akazunguka mara moja, sketi ikafunguka. "Lakini ni nzuri, mukwano. Sijawahi kuvaa kitu kizuri hivi."

Hajati alirudi siku mbili kabla ya mechi. Gauni lilikuwa limetundikwa ukutani likisubiri vifungo. Alivua viatu, akavaa miwani, akalitazama.

"Hii nini?"

"Bendera, Hajati."

"Hii si bendera, mwanangu. Hii ni hotuba." Alishika ukanda wa njano kwa vidole viwili. "Fumua. Punguza nyekundu, ongeza nyeusi. Siku hizi rangi hii ina wenyewe, na ina wanaoitafuta."

Nilisema ndiyo. Nilisema kwa adabu, nimeinamisha kichwa. Lakini sikufumua. Kufumua kungenilazimu nimwambie rafiki yangu kwamba nilikosea, kwamba nilikata kabla ya kuona, na maneno hayo yalikuwa mazito. Na zaidi ya hapo, niseme kweli, nililipenda. Kesho yake rafiki yangu alikuja kulichukua, Hajati akiwa sokoni, nami nikalikunja na kumpa.

Siku ya mechi tulipanda magari mawili ya kukodi, kundi zima. Karibu na uwanja barabara ilifungwa, tukashuka na kutembea. Mabasi yalitupita, yamejaa vijana wenye fulana mpya za njano, zikiwa na picha ya mgombea mmoja kifuani. Ndiye aliyewapa fulana, basi na tiketi. Walikuwa wakiimba jina lake, si la timu. Langoni mabasi yale yalifunguliwa njia, na hakuna aliyewauliza kitu.

Sisi tulipangwa mistari miwili, wanaume kulia, wanawake kushoto. Wanaume wa kundi letu walipita haraka, na kinamama wa sokoni walitutangulia. Kwenye mstari wa wanawake tulibaki mimi na yeye, yeye mbele. Aliyekuwa akipekua ni askari mwanamke, mtu mzima, mrefu. Alipapasa mifuko ya rafiki yangu, akarudi nyuma hatua moja na kumtazama mwili wote, kuanzia kilemba mpaka miguu.

"Wewe. Hii nguo ni ya nini?"

Rafiki yangu alijibu kwa Kiswahili chake kidogo, akitabasamu. "Nguo ya timu, afande. Bendera."

"Bendera gani iko na nyekundu mingi hivi?"

"Ni... afande, njano ilikuwa haiko." Kisha Kiswahili kikamwishia, akaendelea kwa Kiganda, haraka haraka, akieleza kwa mikono.

"Mimi nakuuliza Kiswahili, wewe unanijibu nini? Nani alikushonea?"

Hapo rafiki yangu aligeuka. Macho yake yalinigusa na kuondoka, kama mtu anavyogusa pasi kwa kidole aone kama ina moto. Akamgeukia yule askari.

"Sokoni, afande. Mitumba."

"Mitumba?" Askari alicheka, na wenzake wawili wakasogea ili nao wacheke. "Bendera yetu ndani ya mitumba? Wazungu walivaa wakachoka, wakaturudishia?"

Watu nyuma yangu walicheka pia. Rafiki yangu naye alicheka, akidhani yameisha. Askari alimshika mkono, akamsogeza pembeni, akaniita mimi kwa kidole. Aliponitazama usoni, uso wake ukabadilika.

"Ngoja. Wewe si mtoto wa sajini? Wa Mbuya, nyumba ya mwisho, karibu na bomba la maji?"

"Ndiyo, afande."

"Mungu wangu, umekua! Baba yako alikuwa mtu wa watu. Mama hajambo?"

"Hajambo, afande."

"Msalimie. Mwambie ni mke wa koplo wa nyumba ya pili, atajua." Alinipapasa bega bila kunipekua. Kisha akaonyesha kwa kidevu upande wa rafiki yangu. "Uko pamoja na huyu?"

Nimeliandika swali lile mara nyingi kwenye karatasi nyingine ambazo nimezichoma. Lilikuwa swali jepesi. Jibu lake lilikuwa neno moja, na neno hilo nilikuwa nalo tangu kuzaliwa, katika lugha ile ile, kutoka kwa baba yule yule aliyekuwa akisifiwa. Ningeweza kusema, afande, mimi ndiye niliyeshona, njano ilipungua, kosa ni la mkasi wangu. Pengine angecheka tena na kumwambia avue kilemba tu. Pengine asingecheka. Sitajua. Nilibaki nimesimama.

Askari alihesabu kimya changu kuwa hapana.

"Pita basi, mtoto. Mechi inaanza." Na bila kugeuza kichwa, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza chai, alimwambia rafiki yangu, "Wewe, panda gari."

Gari lilikuwa pikapu, imeegeshwa kivulini. Rafiki yangu hakuhitaji kutafsiriwa.

Niliingia. Watu wa kundi letu walikuwa wameshapata nafasi nyuma ya goli, na mwenye ngoma aliniuliza yuko wapi mwimbishaji.

"Anakuja," nilisema. Tazameni: hapo sauti nilikuwa nayo.

Walijaribu kuimba bila yeye. Mmoja alianza juu sana, mwingine akaanza wimbo mwingine, ngoma ikawa inawafuata kama mtu aliyekosa basi. Kipaza sauti cha uwanja kilikuwa kikitukaribisha kwa Kiswahili kizuri, ndugu zetu, majirani zetu, jisikieni nyumbani. Katika kipindi cha pili timu yetu ilipata goli. Uwanja wote ulisimama, na mimi niliruka. Kwa muda wa kuhesabu moja mpaka tano hivi nilisahau kabisa. Katika yote ya siku ile, kuruka kule ndiko kunakoniamsha.

Niliporudi nilimweleza Hajati. Aliweka chini nguo aliyokuwa akiipiga pasi.

"Askari alikuuliza, ukasema nini?"

"Sikusema."

"Na nilipokwambia fumua, ulisema nini?"

"Nilisema ndiyo."

Alivua miwani. "Mwanangu, una vinywa viwili, kimoja cha ndiyo na kimoja cha kimya, na vyote havifanyi kazi siku yake."

Kesho yake alinichukua tukazunguka vituo vya polisi. Hajati aliuliza, mimi nilikaa kwenye benchi. Kila mahali tulielekezwa mahali pengine. Siku ya tatu, mchana, rafiki yangu alirudi mwenyewe, kwa miguu, amejifunga leso ya mtu mwingine, mkono mmoja umevimba kwenye kiwiko. Waliomshika walibaki na gauni. Hakufunguliwa kesi. Aliambiwa tu aende nyumbani na achague nguo vizuri.

Hakuja dukani wiki mbili. Kichochoroni hapakuwa na harufu ya mihogo. Nilipanga kwenda kwake kila siku, na kila siku nilikuwa na nguo ya kumalizia. Mwishowe alikuja yeye, akasimama mlangoni. Hakukaa kizingitini.

"Vipande vilibaki?"

Nilimpa mfuko wa masalio. Alichakura ndani kwa mkono mzima, nyeusi, nyekundu, nyekundu.

"Njano haikubaki hata kidogo?"

"Haikubaki."

"Kumbe ilikuwa kweli." Alirudisha mfuko mezani. "Kule ndani nilikuwa nawaza, labda alinificha. Labda aliipenda nyekundu, akanidanganya."

Nilitaka kusema kuhusu mkasi, kuhusu Alhamisi, kuhusu Hajati na kufumua. Nilifungua kinywa.

"Acha," alisema, bila ukali. "Mimi sikukutaja kwa sababu niliona utakufa kwa woga hapo hapo. Lakini nilidhani utajitaja mwenyewe. Siyo kwa Kiganda, mukwano. Kwa ile lugha yako. Lango lote lilikuwa linaongea lugha yako."

Aliondoka kwenda kwa shangazi yake, mji wa mpakani. Namba yake ya simu inasema haipatikani. Kundi letu bado linakwenda kwenye mechi, lakini sasa limenunua kipaza sauti, na wimbo wanaupiga kutoka kwenye simu.

Miezi kadhaa baadaye nilipanda bodaboda mpaka Mbuya. Njia nzima nilijifunza sentensi moja. Nilifika kwenye kizuizi, nikamkuta kijana wa jeshi ambaye pengine ni mdogo kwangu, na kabla haya haijanishika nikasema kwa nguvu:

"Afande, mimi ndiye niliyeshona."

Alinitazama mikono, akatazama nyuma yangu. "Umeshona nini, dada?"

Nilimwulizia yule askari mwanamke, mke wa koplo. Kijana alisema amehamishwa, hajui wapi. Aliniuliza tena nilichoshona, na kama nashona sare, maana suruali yake ilikuwa imefumuka mshono. Nilimwambia ndiyo, nashona. Nikarudi.

Siku hizi wanasema mashindano mengine yanakuja kwetu, makubwa kuliko yale, na nchi ni zile zile tatu. Wapaka rangi wameonekana tena kwenye ukuta. Wateja wameanza kuulizia nguo za bendera. Mimi nalaza vitambaa vyote mezani, vitatu, nawaita waje waone kwa macho yao, na njano ikipungua nafunga mkasi kwenye droo. Gauni moja nimelishona bila kuagizwa. Mistari sita, sawa kwa sawa, kwa vipimo vyake ambavyo bado viko kwenye daftari hili. Sijui kama vipimo vyenyewe bado ni vyake.

Yeye Kiswahili hasomi. Nimeandika kwa Kiswahili hata hivyo, kwa sababu ndicho nilichonyamaza nacho. Kama kuna anayesoma haya katika mji wa mpakani, na anamjua mwanamke anayekaanga mihogo na kuimba kwa sauti inayovuka barabara, namwomba amsomee kwa Kiganda, hasa pale langoni, asipunguze kitu. Halafu aniandikie amesema nini, hata kama amesema vibaya, hata kama hakusema kitu, aniandikie kwamba hakusema. Na ninyi wengine mliowahi kuulizwa swali jepesi mkabaki mmesimama, niandikieni mlifanya nini baadaye. Mwandiko wowote nitausoma. Mimi mwenyewe nasoma polepole, lakini namaliza.